Majalada Yaliyoungua na Riwaya za Askari Wanawake

Mwezi Julai 1973 moto uliteketeza majalada ya kijeshi yapatayo milioni 16 hadi 18 mjini St. Louis, Marekani. Katika kumbukumbu za watu walioacha jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960, asilimia 80 hivi ziliungua. Karani yeyote aliyewahi kutafuta jalada asilione anajua maana yake: mtumishi asiye na jalada huhesabiwa kana kwamba hakutumika.

Kwa hiyo hawana haki wanaozibeza riwaya zinazosimulia habari za wanawake Weusi wa Marekani waliotumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili. Kaia Alderson, katika *Sisters in Arms* ya mwaka 2021, amewabuni vijana wawili wa New York, Grace na Eliza, na kwa njia hiyo wasomaji wengi wamekijua Kikosi cha 6888 ambacho vitabu vya shule vilikinyamazia. Hiyo ni kazi ya kushukuriwa.

Lakini yapo mazoea ya kudhani kwamba kupanga barua hakutoshi kuwa kisa. Filamu ya Tyler Perry ya mwaka 2024, kwa mfano, inaegemea mno huzuni ya msichana aliyefiwa na mpenzi wake vitani. Huzuni hiyo ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, kisa chenyewe kimo katika kadi.

Wanawake wapatao 855, chini ya Meja Charity Adams, walipelekwa Birmingham, Uingereza, kuanzia Februari 1945. Walikuta maghala yenye baridi, madirisha yametiwa giza kwa hofu ya ndege za adui, panya wakitafuna keki zilizotumwa na akina mama, na barua na vifurushi vinavyokadiriwa kufika milioni 17. Walifanya kazi kwa zamu tatu, usiku na mchana, na kila zamu ilishughulikia barua zipatazo 65,000. Walitunza kadi za majina karibu milioni saba. Askari walioitwa Robert Smith peke yao walikuwa kama 7,500, nao walitofautishwa kwa namba zao za jeshi. Barua za waliokufa zilirudishwa kwa waliozituma. Hebu mwandishi wa riwaya akae hapo kidogo, mkononi mwa karani anayejua habari kabla ya mama mzazi. Walipewa miezi sita. Wakamaliza kwa mitatu.

Hayo yote waliyatenda ndani ya jeshi lililowabagua kwa malazi na chakula. Jenerali mmoja alipotishia kumleta luteni Mzungu amfundishe Adams kuongoza kikosi, Adams alikataa waziwazi mbele ya askari wake. Jenerali alikusudia kumshtaki, kisha akaacha. Adams mwenyewe alisimulia mkasa huo katika kitabu chake cha mwaka 1989.

Heshima za serikali zilichelewa. Sheria ya kuwapa nishani ya dhahabu ya Bunge la Marekani ilitiwa saini mwaka 2022. Mwaka 2023 kambi ya Fort Lee, Virginia, ilipewa jina la Fort Gregg-Adams, ili Adams naye akumbukwe. Mwaka 2025 jina la Fort Lee likarudishwa, safari hii kwa heshima ya Lee mwingine, askari Mweusi wa vita vya 1898, na jina la Adams likaondolewa langoni.