Kesho Si Mali ya Walioshiba

Kila mswada wa riwaya ya kisayansi ukifika kwa wachapishaji wetu, jibu liko tayari: maroboti na sayari ni mambo ya walioshiba, sisi tuandike ukame, rushwa na ndoa. Kauli hiyo hujivika uzalendo, lakini chini yake kuna uvivu wa kusoma.

Nani huyo aliyeshiba? Isaac Asimov, mwandishi maarufu wa hadithi za kisayansi, alizaliwa Petrovichi, Urusi, katika familia ya Kiyahudi, akafikishwa New York mwaka 1923 akiwa na miaka mitatu. Walipona chupuchupu: mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kuwabana wahamiaji wa Ulaya Mashariki. Mwaka 1941 majeshi ya Hitler yakalikalia eneo alikozaliwa. Huko Brooklyn, baba yake aliishi kwa duka la peremende na magazeti, likifunguliwa alfajiri na kufungwa usiku wa manane, mwanawe akihudumia wateja. Majarida ya hadithi za angani aliyasoma humohumo dukani, kisha akayarudisha bila kukunja ukurasa, yapate kuuzwa.

Mwaka 1938 alimpelekea John W. Campbell, mhariri wa jarida mojawapo la hadithi hizo, hadithi yake ya kwanza. Ikakataliwa, ila kwa barua yenye sababu. Akaendelea kuandika huku akisomea kemia. Mwaka 1942, vita vimepamba moto, zikaanza kuchapishwa hadithi zake za Foundation: dola kubwa inaporomoka, na wachache wanapanga namna ya kufupisha giza litakalofuata. Mwaka huohuo akazitaja kanuni tatu za roboti, ya kwanza ikiwa kutomdhuru binadamu. Wahusika wake wengi ni wakavu, sikatai. Lakini leo programu ya simu ndiyo inayoamua mama muuza mboga akopeshwe au anyimwe, na bado mnaniambia mashine ni habari za wengine?

Hata kwa Kiswahili hoja hiyo haisimami. Mwandishi Mkenya Katama Mkangi aliwekwa kizuizini na serikali ya Rais Moi. Mwaka 1995 akatoa riwaya ya Walenisi, ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa angani na kufika kwenye jamii yenye haki. Naye alikuwa ameshiba?

Anayeonewa leo ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuiwazia kesho. Aliyeridhika hana haraka nayo. Basi wahariri, isomeni miswada hiyo. Ikiwa mibovu, ikataeni kwa ubovu wake na mseme ulipo. Msiikatae kwa sababu mwandishi wake ni maskini.