Eti watoto wetu wavivu!

Zamu za usiku zimenibana, ila leo nimeudhika, acha niseme.

Juzi kwenye sherehe yetu ya Watanzania mzee mmoja kasema watoto wa Villawood ni wavivu, wakitoka shule wanazurura stesheni wakati fursa zimejaa. Shikamoo mzee, lakini hapana.

Mwaka 2018 serikali ya New South Wales ilianza kutoa vocha ya michezo ya dola 100 kwa kila mwanafunzi. 2024 ikawa vocha mbili za dola 50, tena kwa familia zinazopata ruzuku tu. Sawa, lakini vocha haiendeshi gari! Jirani yangu anafanya usafi maofisini jioni. Mazoezi ya mpira saa kumi na moja, uwanja ni mabasi mawili kutoka hapa. Nani ampeleke mtoto? Wenzangu kazini wanaokaa North Shore wanapokezana kubeba watoto wa mtaa mzima. Kwetu saa hizo wazazi wako kazini.

Mimi mwenyewe Alhamisi ninapumzika, gari limelala nje, na sijawahi kujitolea (aibu jamani). Wiki hii nabeba wanne. Mzee, lako si lina viti saba?