Uzee Haupimwi kwa Siku Moja

Mara nyingi twasikia mtu aliyetimiza miaka 55 akiambiwa kuwa akili yake imekwisha chakaa, na kwamba yampasa kuwapisha vijana. Wasemao hivyo hudai kuwa sayansi imo upande wao. Ni haki kuwauliza: sayansi ipi?

Zamani wataalamu wengi waliwakusanya vijana wa miaka 20 na wazee wa miaka 70, wakawapa mtihani mmoja, kisha wakaihesabu tofauti ya alama zao kuwa ndiyo hasara ya uzee. K. Warner Schaie, mwanasaikolojia aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1928 na kuishi ukimbizini Shanghai kabla ya kufika Marekani, hakuridhika na hesabu hiyo. Mwaka 1956, angali mwanafunzi wa shahada ya udaktari mjini Seattle, aliwapima watu wazima 500 wa marika mbalimbali. Wengine wangeishia hapo. Yeye aliwarudia watu wale wale mwaka 1963, kisha 1970, na hivyo kila baada ya miaka saba, akiongeza makundi mapya, hata kazi hiyo ikawa ndiyo maisha yake.

Akagundua kwamba sehemu kubwa ya pengo lile haikuletwa na uzee, bali na tofauti ya shule na malezi ya zama mbili. Sisi askari twaijua hitilafu hiyo. Kuruta mwenye cheti cha sekondari humshinda kwa mtihani wa karatasi sajini ambaye hakumaliza shule ya msingi. Hapo uzee una kosa gani?

Wepesi wa kutenda hupungua mapema, hilo halina ubishi. Lakini kwa walio wengi, uwezo mwingine wa akili haupungui kwa kiasi cha kutajika kabla ya miaka 60, na maarifa ya maneno hudumu zaidi. Tena katika miaka ya 1980, yeye na mwenzake Sherry Willis waliwafundisha wazee kwa vipindi vitano vya saa moja moja. Takriban theluthi mbili waliendelea vizuri, na kati ya wale waliokuwa wamepungukiwa, asilimia 40 hivi walirejea hali waliyokuwa nayo miaka 14 nyuma.

Ni waajiri wangapi waliowapa wazee wao saa tano hizo kabla ya kuwaandikia barua ya kustaafu?