Mafundi Dawa, Tuambiane Tunalipwa Ngapi

Hapa Houston, ndugu wawili wanaweza kufaulu mtihani mmoja, wakapata cheti kimoja, na bado mmoja akamzidi mwenzake dola kadhaa kwa kila saa. Anayepunjika hajui, maana kwetu kumuuliza mtu mshahara wake ni utovu wa adabu. Kwa mafundi dawa, kazi ambayo vijana wetu wengi wanaikimbilia, tunaomba adabu hiyo iwekwe kando.

Takwimu za kazi za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba Mei 2024 fundi dawa wa katikati, yaani yule anayezidiwa na nusu ya wenzake na kuizidi nusu nyingine, alipata dola 43,460 kwa mwaka. Hiyo ni karibu dola 21 kwa saa. Anayeanza kwa kawaida yuko chini ya hapo, na kinachoamua atapanda kwa kasi gani ni mahali pa kazi kuliko bidii yake. Tunasema hivyo kwa uchungu, kwa kuwa bidii ndiyo tunayowahubiria watoto wetu kila siku.

Famasi ya dukani haijipangii bei. Kati yake na bima wamesimama mawakala wanaoamua duka lirudishiwe kiasi gani kwa kila dawa, na makampuni 3 tu hushughulikia karibu asilimia 80 ya dawa zote zinazotolewa kwa maagizo ya madaktari nchini. Malipo yakibanwa, saa za mafundi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa. Oktoba 2024 Walgreens walitangaza kufunga maduka yapatayo 1,200 katika miaka 3. Hospitali kwa kawaida hulipa zaidi: ina zamu za usiku zenye nyongeza, na ina chumba safi cha kuchanganyia dawa za dripu na za saratani, kazi isiyoruhusu kosa. Fundi mwenye uzoefu wa kazi hiyo anaweza kufanya mtihani wa cheti cha CSPT. Nasi tunaishi katika mji wenye Texas Medical Center! Kijana anayechukua kazi kwa sababu tu duka liko karibu na nyumbani ajue ukaribu huo unamgharimu.

Kuhusu karatasi, Texas haina mzaha. Usajili wa fundi dawa mwanagenzi hudumu miaka 2 na hauhuishwi. Asiyefaulu mtihani wa kitaifa ndani ya muda huo hawezi kuendelea na kazi. Usingoje mwezi wa mwisho.

Wapo pia wafamasia waliosomea nyumbani. NABP, chama cha bodi za famasi za Marekani, kabla ya kumtambua mfamasia aliyesomea nje, hudai mtaala wa angalau miaka 5 kwa aliyehitimu kuanzia Januari 2003. Aliyesoma Nairobi kwa miaka 5 ana pa kuanzia. Mwenye shahada ya miaka 4 ya Muhimbili anakwama mlangoni. Wengi wao huishia kuwa mafundi, na ujuzi wao hauonekani popote kwenye hundi ya mshahara. Mfamasia wa namna hii hasa ndiye wa kuomba kazi hospitalini kwanza.

Halafu kuna Kiswahili chetu. Mama kutoka Bukavu akifika kaunta na asielewe maelezo ya dawa ya kisukari, anaitwa fundi wetu. Anaeleza, anarudia, anahakikisha mama ameelewa, kisha anarudi kwenye foleni iliyomrundikia. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 kinazitaka taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu zimpe mgonjwa msaada wa lugha bila kumtoza. Basi ukalimani ni kazi, nayo ipimwe na ilipwe. Zipo hospitali zinazowafanyia wafanyakazi mtihani wa lugha na kuwaongezea malipo. Uliza kabla ya kusaini mkataba.

Wengine wanaogopa kwamba kutaja mshahara kutawafukuzisha kazi. Kwa wafanyakazi wengi wa sekta binafsi, sheria ya kazi ya 1935 inalinda haki ya kuzungumzia malipo na wenzao. Kwa hiyo tunaomba kila fundi dawa wa jumuiya atuletee, bila jina lake wala la mwajiri, mambo manne: malipo kwa saa, aina ya mahali pa kazi, vyeti alivyonavyo, na kama analipwa kwa lugha. Tutayachapa yote katika toleo lijalo, kabla wahitimu wa mwaka huu hawajaanza kutuma maombi ya kazi.