Wakizima mtandao, uongo hauzimiki

Wasee, nimenyamaza wiki mbili na kuna wenye mliniuliza kama nimeshikwa. Sijashikwa. Niko tu hapa Kegonga, nimekaa nje ya duka nikichaji simu, na leo naweka yote pamoja: Tanzania, sheria ya mtandao, na ile sindano mnaniuliza kila siku.

Tuanze na ng'ambo. Kutoka hapa hadi mpakani ni safari fupi ya bodaboda, na shangazi yangu ameolewa Tarime. Sisi Wakuria mpaka ulitupata tukiwa tumeshaoana kitambo. Sasa Oktoba 29 watu wa kule walipiga kura, intaneti ikakatwa siku hiyo hiyo, ikaanza kurudi Novemba 3. Hapo katikati Samia akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98, huku Tundu Lissu akiwa ndani kwa kesi ya uhaini. Mathe alimpigia shangazi mpaka akachoka. Simu inashika, inakatika.

Na hapo ndipo niliharibu. Siku ya pili nilitumiwa video: vijana wanakimbia, risasi zinalia, juu imeandikwa "Tarime leo". Sikuuliza mtu. Nikaiweka. Kesho yake jioni msee wa Sirari, ambaye alikuwa amevuka Isebania kutafuta mtandao wa huku, akaniandikia: angalia namba za gari hapo nyuma, hizo ni za Kenya. Nikaangalia. Kweli kabisa. Ilikuwa maandamano yetu ya Juni 2024, yale ya Finance Bill. Nikafuta, nikaomba msamaha, na wengine mlinitukana vizuri tu.

Kwa hivyo mtu akiniambia ati mtandao huzimwa ili kuzuia uongo, namcheka. Uongo ulinifikia bila shida. Mwenye kuujua ukweli ndiye alilazimika kuvuka mpaka kuja kuniambia.

Turudi Kenya. Oktoba 15 asubuhi tuliamka na habari kwamba Raila amefariki India. Nchi nzima ililia, na huku kwetu Migori sihitaji kuwaeleza. Siku hiyo hiyo Rais Ruto akatia sahihi marekebisho ya sheria ya makosa ya mtandao. Wengi wetu tulijua baadaye. Kuna kipengele cha unyanyasaji wa mtandaoni chenye faini ya hadi milioni 20 au miaka 10 jela. Milioni 20! Mimi huweka bando la 50 bob. Nilijaribu kuhesabu hizo ni ng'ombe wangapi, nikaona ni mahari ya ukoo mzima. Oktoba 22 Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vipengele, kesi ikiendelea.

Nitakuwa mkweli: watu hunyanyaswa mtandaoni, hasa wasichana, na siwezi kusema hilo ni jambo dogo. Shida yangu ni nani anashika hiyo rungu. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu wa miaka 31, alichukuliwa kwao Homa Bay Juni 7, 2025, akapelekwa Nairobi, zaidi ya kilomita 300, kwa sababu ya posti iliyodaiwa kuwa yake kuhusu naibu inspekta jenerali wa polisi. Juni 8 alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Madaktari waliompasua wakasema majeraha hayaonyeshi hivyo. Watu 6 walishtakiwa kwa mauaji, wakakana. Kama ile posti ilikuwa na kosa, si angejibiwa kwa posti? Mimi nilikosea video nzima na nikarekebishwa na mtu mmoja mwenye macho. Tangu Juni mathe hunisomea posti zangu kabla sijaziweka, na hii pia ameisoma.

Sasa sindano. Inaitwa lenacapavir. Wiki iliyopita msichana wa hapa aliniuliza kama ni kweli inafanya mtu asizae. Niliacha kampasi mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo mimi si daktari, lakini kusoma najua. Si chanjo, na si dawa ya kuponya. Unadungwa chini ya ngozi mara 2 kwa mwaka, baada ya kupimwa na kupatikana huna virusi, na inakukinga usiambukizwe. Katika utafiti wa Uganda na Afrika Kusini, wasichana na wanawake 2,134 wa miaka 16 hadi 25 waliopewa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani iliiidhinisha Juni 2025, na Kenya iliwekwa kwenye orodha ya nchi za kwanza kuletewa. Haizuii mimba, haizuii kaswende, kondomu bado ina kazi.

Homa Bay na Migori ni kati ya kaunti zilizo juu kwa maambukizi Kenya. Uvumi ukitangulia sindano hapa Kegonga, itakaa tu kwenye rafu. Nitamuuliza nesi itafika lini, niwaambie.

Na mliouliza kuhusu shangazi: alipiga Jumanne. Hakutusalimu hata. Aliuliza sisi huku tunasikia wamekufa wangapi, kwa sababu kwao hakuna aliyewaambia.