Contra ilituonya mapema kuhusu Majimaji

Kuna mzee mmoja hapa Songea, kila nikikaa naye kijiweni lazima aanze na vijana wa gemu. Anasema Majimaji imekufa kwa sababu watoto wameacha viwanja wakakimbilia padi. Namjibu kila siku: mzee wangu, sisi tulioshangilia ubingwa wa 1998 ndio haohao tuliokuwa tumejazana kwenye gemu. Tena gemu yenyewe Contra.

Waliocheza wanaijua. Wajapani wa Konami waliitoa mwaka 1987 kwenye zile mashine kubwa za kuingiza sarafu, ya nyumbani ikafuata 1988. Sisi ilitufikia miaka ya tisini, kwenye tivi gemu za bei chee, kaseti imeandikwa michezo mia na ukihesabu vizuri ni sita inayojirudia. Jamaa wawili wana bunduki, mnakimbia kwenda kulia, mnaruka, mnalala chini, mnafyatua. Risasi moja tu umekufa. Una laifu tatu, basi. Na umeme wa Songea enzi hizo ulikuwa wa majenereta, gridi ya taifa tunaisikia redioni. Mnafika kwa bosi wa mwisho, pap, giza. Mnaanza upya, na mwenye kibanda hela harudishi.

Wajuaji walikuwa na ile siri ya vitufe: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, unapewa laifu 30. Waliringa kama kipa aliyedaka penalti.

Lakini ninayotaka kuisema leo ni hatua ya tatu, ya maporomoko ya maji. Pale hamkimbii kwenda kulia, mnapanda. Na skrini inamfuata aliye juu. Ukicheza na mtu mwenye papara, anaruka jiwe hili, anaruka lile, wewe wa chini skrini inakuacha. Ukitoka kwenye picha tu, umekufa. Hakuna adui aliyekugusa. Umeuawa na mwenzako anayekwenda mbele. Ngumi nyingi za kibandani zilianzia hapo.

Sasa itazame ligi yetu. Tangu Mtibwa Sugar ilipotwaa ubingwa mwaka 2000, timu pekee iliyoweza kuwapokonya Simba na Yanga ni Azam, msimu wa 2013/14. Mwaka 2021 ukaja mkataba wa haki za televisheni wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, kila mtu akafurahi, mimi pia. Na Majimaji? Wanalizombe, mabingwa wa Muungano 1985, 1986 na 1998, walirudi Ligi Kuu mwaka 2015, na ilipofika 2018 wakashuka. Nani aliwapiga risasi? Hakuna. Skrini ilipanda tu.

Simlaumu anayepanda. Yanga wamecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba wakaicheza 2025, na huko hufiki kwa kumsubiri kila mtu. Hata kwenye Contra msipopanda hammalizi. Ila waliokuwa wanaijua walipanda jiwe moja, wakageuka kumwangalia mwenzao.

Na kulikuwa na jambo jingine zuri. Mwenzako akiishiwa laifu, alikuwa anabonyeza kitufe anachukua moja kwenye zako. Inauma, hasa akiwa kilaza. Lakini ulijua peke yako hufiki mbali. Kwenye mpira hiyo inaitwa mkopo. Vijana wanaokaa benchi Kariakoo msimu mzima, mguu haujagusa mpira wa mashindano, wangeletwa Songea wakacheza dakika 90 kila wiki. Mikopo mingi ninayoisoma inaishia kwenye klabu zilezile za Ligi Kuu. Wa madaraja ya chini, ambaye ndiye aliyeishiwa laifu, hapewi. TFF wangeweza kukaa na vigogo wale wakalipanga hili, si jambo la kuomba fedha Benki ya Dunia.

Halafu tuje kwetu wenyewe, maana Kariakoo si ndiyo inayotuzuia kulipa kiingilio. Misimu ile ya Ligi Kuu, wageni wakitoka Dar, Uwanja wa Majimaji ulifurika, na nusu ya waliofurika walivaa nyekundu au kijani. Wazaliwa wa Mfaranyaki na Lizaboni hao, wanashangilia timu yao ya nyumbani ifungwe. Timu iliposhuka, hata hao hawakuonekana tena. Nisijifanye malaika: mimi mwenyewe nimewahi kuacha mechi ya Majimaji nikaenda kubanana kibanda umiza kutazama watani wa jadi, na nilikuwa nasikia filimbi ya mwamuzi wetu kutoka pale nilipokaa.

Watoto wa padi hawamo kwenye kesi hii. Wao hawajawahi kuiona Majimaji ikiwa bingwa, watampendaje mtu ambaye wamemkuta ameshatoka kwenye picha?

Juzi nikamwambia yule mzee twende wote mechi ijayo ya nyumbani, tiketi yake nalipa mimi. Akafikiri kidogo, akaniuliza siku hiyo Yanga wanacheza saa ngapi.