Chuo na Mji Wake



Katika lugha yetu neno "chuo" lina ukoo mrefu. Wazee wetu waliposema mtoto amepelekwa chuoni, walikuwa na maana ya kuwa yuko kwa mwalimu wa Kurani. Na katika Kiswahili cha zamani chuo kilikuwa ni kitabu chenyewe. Ndiyo sababu mtu mwenye elimu ya dini huitwa mwanachuoni, na kijana asomaye ualimu au kilimo huitwa mwanachuo. Herufi mbili tu ndizo ziwatenganishazo. Basi mwezi huu twapenda kuuliza: mji umpokeao mwanachuo una wajibu gani kwake, naye ana wajibu gani kwa mji?

Mfano tunao katika Wilaya ya Kilosa. Msafiri atokaye Dumila hupita Mvumi na Rudewa, na kabla ya kufika Kilosa mjini huwa amekaribia Ilonga. Mahali hapo ni padogo, lakini pana chuo cha ualimu, chuo cha kilimo, na kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1943 kwa ajili ya pamba, ambacho baadaye kilitoa mbegu za mahindi kama Staha. Vijana hutoka mbali kuja kusoma hapo. Lakini mtoto wa kijiji huweza kupita mbele ya lango la chuo miaka kumi asilivuke hata siku moja, na mwanachuo huweza kumaliza masomo yake asijue jina la jirani yake.

Kukaa karibu si ujirani. Kilosa yalijua jambo hili kwa msiba. Mwezi wa Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ugomvi ule ulikuwa na sababu zake za ardhi na maji, wala hatusemi kwamba futari moja ingaliuzuia. Twasema tu kwamba watu wasiozoea kukutana kwa heri huja wakakutana kwa shari.

Dini yetu imetuonyesha njia. Katika msikiti wa Mtume s.a.w. huko Madina walikaa Ahlu Suffa, watu maskini wasio na jamaa mjini, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kujifunza. Abu Huraira alikuwa miongoni mwao. Hawakuachwa walishwe na msikiti peke yake. Imepokewa kwamba Mtume aliagiza mwenye chakula cha watu wawili amchukue wa tatu. Na elimu nayo ilirudi mjini. Baada ya Badri, mateka waliojua kuandika wasiokuwa na fidia waliambiwa wawafundishe watoto kumi wa Madina, kisha wawe huru.

Mji wa Lamu nao watupa mfano. Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935, alianzisha pale Msikiti wa Riyadha na chuo chake, na wanafunzi wakaja kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki. Wakati wa Maulidi usomaji wa msikitini haukai peke yake. Nje kuna mbio za punda, mashindano ya majahazi na mchezo wa bao. Nahodha ana nafasi yake, na mwanafunzi ana yake. Hivyo mji huhesabu chuo kuwa chake.

Basi katika miji midogo kama hii tufanyeje?

Kwanza, Ramadhani na maradhi. Mwanafunzi apangaye chumba mara nyingi hufuturu peke yake, na akishikwa na homa hakuna ajuaye. Kila nyumba ikimchukua mmoja tu, hakuna atakayefilisika.

Pili, mabinti. Mwenye nyumba ampangishaye binti wa mwenziwe ajue kwamba pamoja na kodi amepokea amana. Binti aliye mbali na wazazi wake huandamwa na wanaume wenye fedha na pikipiki. Mama wa nyumba amwulizaye kwa upole amekula nini na atarudi saa ngapi humhifadhi kuliko kufuli. Na mwanamume wa mjini amwandamaye mtoto wa watu ajiulize kama angeridhika binti yake atendewe hivyo huko alikopelekwa.

Tatu, wajibu wa mwanachuo. Asomaye ualimu awakusanye watoto kumi wa mtaa baada ya Alasiri, awasomeshe hesabu bila ya malipo. Asomaye kilimo ateremke mashambani Mvumi, lakini aende kwanza kusikiliza. Mwezi wa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaharibu nyumba na reli, na watu wengi wa Kilosa wakahamia kambini. Katika nchi ya mafuriko, mzee ajuaye maji yalipopita zamani ana elimu isiyo kitabuni; na kijana ajuaye mbegu na udongo ana elimu ambayo mzee hakupewa. Wawili hawa wakikaa chini ya mti mmoja, shamba hupata faida.

Nne, misiba na michezo. Mwanachuo asikose mazishi ya mtaa wake, maana kaburini ndipo mgeni awapo mwenyeji. Na katika mpira, vijana wa chuo na wa kijiji wasishindane siku zote. Siku nyingine wachanganywe, wavae jezi moja.

Kijana hukaa chuoni miaka miwili au mitatu, kisha huenda kuwa mwalimu au bwana shamba katika nchi ya watu wengine. Alivyotendewa na mji wa chuo chake ndivyo atakavyojua kuwatenda wenyeji wake huko. Kwa hiyo sahani moja ya futari iliyotolewa Ilonga au Mvumi yaweza kulipwa katika kijiji ambacho mtoaji hatakifikia maishani mwake.

Wabillahi tawfiq.